Manga za wasichana wenye kupendana: sheria ya Kinshasa na barieri ya Masisi

Kusoma kitabu cha michoro kutoka Japani chenye kusimulia wasichana wawili wanaopendana si kosa katika sheria ya Kongo. Hakuna kifungu kinachomfunga msomaji. Lakini kwa msichana wa Kashebere, pale wilaya ya Masisi inapopakana na Walikale, sheria si kitu cha kwanza anachokutana nacho njiani. Anakutana na barieri, na kwenye barieri kuna mtu mwenye silaha ambaye anaweza kumwambia afungue simu.

Kuna wasomaji watakaouliza: mbona manga, wakati watu wa Masisi na Walikale wanakimbia vita? Ni swali la haki. Jibu ni kwamba simu nayo inakimbia pamoja na mwenyewe. Mtu akiacha shamba, mbuzi na magodoro, simu anaibeba. Ndani yake kuna picha za ndugu, nyimbo za kwaya, ujumbe wa pesa, na kwa vijana wengi kuna filamu na vitabu vya michoro vilivyopatikana siku rezo ilipokuwa nzuri. Kinachokaa ndani ya simu kimekuwa jambo la usalama wa raia, na manga za mapenzi ya wasichana ni mfano unaoonyesha tatizo lote waziwazi.

Aina hii ya manga inaitwa yuri, neno la Kijapani lenye maana ya yungiyungi, lile ua jeupe. Mizizi yake ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1916 mwandishi Nobuko Yoshiya alianza kutoa hadithi fupi juu ya wasichana wa shule wenye kufungamana kwa moyo, na wasichana wa Japani walizipenda sana. Yoshiya mwenyewe aliishi na mwanamke mwenzake kwa miaka karibu 50. Kwa kuwa sheria haikuwaruhusu kufunga ndoa, mwaka 1957 alimfanya mwenzake mtoto wake wa kulea kwenye makaratasi, ili mmoja akifa mwingine asifukuzwe nyumbani. Wajane wetu ambao shemeji zao huwanyang'anya nyumba baada ya matanga wataelewa hesabu hiyo bila kuelezwa.

Kwenye manga zenyewe, kazi inayotajwa kuwa ya mwanzo ni ya Ryoko Yamagishi, ya mwaka 1971, juu ya wasichana wawili wanaokaa chumba kimoja cha bweni. Inaishia kwa kifo cha mmoja wao. Kwa miaka mingi ilikuwa hivyo: wasichana wakipendana, mmoja atakufa, ama ataolewa kwa nguvu, ama wataachana kwa machozi. Mchoraji alipewa nafasi ya kusimulia mapenzi hayo, mradi mwisho uwe adhabu. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa maana hata huku kwetu Afrika ya Mashariki limeshafikishwa mahakamani.

Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1990. Katika Sailor Moon, ambayo watoto wa Ufaransa waliiona kwenye televisheni kuanzia 1993, wamo wanawake wawili wapiganaji wenye kupendana, Haruka na Michiru. Watafsiri wa Amerika ya Kaskazini waliona haya, wakawageuza kuwa binamu. Matokeo yakawa binamu wenye kutazamana kwa namna ambayo binamu hawatazamani, na watoto walicheka. Mwaka 2005 Japani ilipata gazeti zima la manga hizi, Comic Yuri Hime, ambalo lina wasomaji wanawake na wanaume pia.

Leo hadithi nyingi za yuri ni za maisha ya kawaida. Iliyopendwa sana ni Yagate Kimi ni Naru ya Nio Nakatani, iliyotoka kati ya 2015 na 2019 katika vitabu 8, na wengi nje ya Japani wanaijua kwa jina la Bloom Into You. Msichana Yuu amesoma habari za mapenzi, amesikiliza nyimbo za mapenzi, lakini mvulana anapomwambia anampenda, hasikii kitu chochote moyoni. Kisha dada mkubwa wa shule anamwambia neno lile lile. Kitabu kinachukua muda mrefu kuuliza kama mtu asiyesikia kitu ana kasoro. Hakuna mbio wala mapigano. Kurasa nzima zinapita kwa mkono mmoja, dirisha, ukimya. Anayesema manga hizi ni picha chafu tu hajafungua hii.

Ni kweli pia kwamba zipo chafu. Nyingine ni za watu wazima, na nyingine zinachora wanafunzi kwa namna isiyofaa. Hapo sheria ya Kongo haina mashaka: sheria ya Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inakataza kumwonyesha mtoto katika tendo la ngono kwa njia yoyote ile. Mzazi anayetaka kujua binti yake anasoma nini ana haki ya kuuliza, kama vile angeuliza juu ya filamu yoyote. Kuzitia zote ndani ya gunia moja ni jambo jingine.

Huku kwetu manga zinafika kwa njia ya Kifaransa. Ufaransa ni moja ya masoko makubwa ya manga nje ya Japani, na nyumba za kuchapisha kama Taifu Comics zimetoa yuri kwa Kifaransa, mojawapo ikiwa Citrus. Kitabu chenyewe cha karatasi ni ghali na mbali. Kinachofika ni kurasa zilizopigwa picha na kutafsiriwa na mashabiki, mara nyingi bila ruhusa ya mwenye kazi. Kijana anazipakua akiwa mjini, anapitisha kwa rafiki kutoka simu hadi simu bila kutumia mega, na mafaili hayo yanaweza kulala miezi ndani ya simu inayochajiwa kwenye nyumba yenye paneli ya jua. Kwa njia hiyo hiyo zinatembea filamu za Nigeria, nyimbo za injili na michezo ya mpira ya wiki iliyopita.

Kuna jambo la kwetu hapa linalofanya manga isieleweke. Kongo ni nchi ya BD. Kinshasa ilikuwa na gazeti Jeunes pour Jeunes tangu 1968, na Barly Baruti, mtoto wa Kisangani, anajulikana hadi Ulaya. Lakini kijijini Masisi ama Walikale, kitabu cha michoro kinashuka kutoka kwenye gari la shirika. Kinafundisha kunawa mikono, kuzuia kipindupindu, kumpeleka mtoto chanjo, kumripoti mbakaji. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, michoro ilibandikwa hadi milangoni mwa makanisa ya Kivu ya Kaskazini. Tumezoea kwamba mchoro una somo. Basi mtu akiona mchoro wa wasichana wawili walioshikana mikono, swali lake la kwanza ni: hii inafundisha nini, na nani aliyeilipia? Hafikirii kwamba pengine haifundishi kitu. Pengine ni hadithi tu, na msomaji anataka kujua kama Yuu atajibu ama atanyamaza.

Wenye mamlaka nao wanauliza swali hilo hilo, kwa lugha ya sheria. Kanuni ya makosa ya jinai ya Kongo haitaji mapenzi ya jinsia moja kama kosa. Kinachotumiwa ni kifungu cha 176, juu ya vitendo vya hadharani vyenye kuumiza haya ya watu, adhabu yake kifungo cha siku 8 hadi miaka 3. Kwa vitabu na picha kuna kifungu cha 175: anayeonyesha, kuuza ama kugawa maandishi na picha zilizo kinyume cha maadili mema anaweza kufungwa siku 8 hadi mwaka 1. Someni vizuri maneno hayo: kuonyesha, kuuza, kugawa. Kusoma hakumo. Lakini kumpitishia rafiki faili, je, ni kugawa? Na maadili mema yanapimwa na nani? Kifungu hakijibu, na hapo ndipo hatari inapokaa.

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 40, inaweka ndoa kati ya watu wa jinsia mbili tofauti, jambo ambalo wengi wanalinukuu. Kifungu cha 31 hakinukuliwi sana, nacho kinalinda maisha ya faragha na siri ya mawasiliano ya kila mtu, ila pale sheria inaporuhusu kuingilia.

Miswada ya kufanya mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa imeletwa bungeni zaidi ya mara moja, ukiwemo ule wa mbunge Steve Mbikayi mwaka 2013, na haikupita. Mwezi wa sita 2024 waziri wa sheria wa wakati ule, Constant Mutamba, aliwaagiza waendesha mashtaka wawafuatilie wenye kufanya vitendo hivyo na pia wenye kuvisifu. Mutamba alijiuzulu mwaka mmoja baadaye kwa kesi nyingine kabisa, ya pesa za serkali. Lakini neno kusifu limebaki masikioni mwa watu. Je, kuchora ni kusifu? Kusoma hadi mwisho na kulia, je?

Kanisa nalo limesema. Roma ilipotoa hati Fiducia supplicans mwezi wa kumi na mbili 2023, maaskofu wa Kongo waliikataa baraka kwa wapenzi wa jinsia moja, na tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo alitia sahihi jibu la maaskofu wa Afrika. Msimamo huo unajulikana hadi parokia za ndani kabisa. Hati ile ile ya maaskofu, hata hivyo, iliomba watu hao waheshimiwe utu wao. Sehemu hiyo haikusafiri mbali kama ile ya kwanza.

Jirani zetu wa Kenya wametuonyesha barabara hii inaelekea wapi. Mwezi wa sita 2017 bodi yao ya filamu ilitaka katuni 6 za watoto zitolewe kwenye televisheni ya kulipia, ikiwemo The Legend of Korra, ambayo shujaa wake msichana anaondoka na msichana mwenzake mwishoni. Aprili 2018 bodi hiyo ikapiga marufuku filamu Rafiki ya Wanuri Kahiu, juu ya mabinti wawili wa Nairobi, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyoshinda tuzo ya Caine mwaka 2007. Kahiu alieleza kwamba bodi ilitaka abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Hapo ndipo tunakutana tena na bweni la 1971: mapenzi hayo yaonyeshwe, lakini mwisho uwe adhabu.

Septemba 2018 jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku kwa siku 7. Watu walijaa kwenye kumbi za Nairobi. Siku ya nane filamu ikafungiwa tena, na Aprili 2020 Mahakama Kuu ikathibitisha marufuku hiyo. Bila kujali mtu anafikiri nini juu ya filamu, kule kulikuwa na mtu wa kushtaki, jaji mwenye jina, hukumu iliyoandikwa na nafasi ya rufaa.

Kashebere haina kitu hicho. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu vizuizi 798 kwenye barabara za Kivu mbili, na hiyo ilikuwa kabla ya M23 kuchukua Goma Januari 2025 na mstari wa vita kupita katikati ya Masisi na Walikale. Mwenye barieri anatafuta picha za adui, namba za adui, ujumbe wa adui. Hajui kifungu cha 175 wala cha 31. Akikuta michoro ya wasichana wanaobusiana hana haja ya kumpeleka mtu mahakamani. Anachohitaji ni sababu: ya kudai pesa, ya kuchukua simu, ya kumtenga msichana na wenzake aliokuja nao. Katika mkoa ambapo ubakaji umetumiwa kama silaha kwa zaidi ya miaka 25, sababu ya namna hiyo si jambo la kuchekea. Na mwenye kuulizwa hana wa kumwita shahidi. Mamake hatasimama mbele ya wasafiri wote kusema ni hadithi tu.

Kwa maoni yangu, kosa la wanasiasa wa Kinshasa ni kutupa maneno mapana, maadili mema, kusifu, huku wakijua kwamba kwenye nusu ya nchi watakaoyatumia si mahakimu. Neno pana mikononi mwa hakimu linaweza kubishaniwa. Kwenye barieri linakuwa bei. Mbunge atakayeleta tena mswada angeulizwa kwanza jambo moja: nani atakayeutekeleza kati ya Nyabiondo na Walikale, na kwa risiti gani?

Kwa sasa, mwenye kurasa hizo ndani ya simu na anayetaka kufika salama hana njia nyingine zaidi ya kuzifuta kabla ya kuondoka Kashebere. Akifika penye rezo atatafuta upya kitabu cha 4, kama bado anakumbuka alikuwa amefikia wapi.