Waacheni Watunzi wa Kadutu Wachekeshe

Kila vijana wa Kadutu, hapa Bukavu, wanapozungumzia kutunga tamthilia ya televisheni ya bunilizi ya kisayansi, hutokea mtu akawaonya: chagueni moja, mchekeshe au mseme jambo la maana. Wengi wa wanaoonya hivyo wanaipenda sanaa, na wanaogopa kuona mateso ya Kivu yakigeuzwa mzaha. Nawaelewa. Lakini madai yao hayasimami, na kuyaacha bila jibu ni kuwafunga mdomo watunzi wetu kabla hawajaandika ukurasa wa kwanza.

Wanasema kwanza kwamba mtazamaji akishacheka hawezi tena kuhuzunika. Mwenye dai hili aitazame sehemu ya Star Trek iliyorushwa tarehe 6 Aprili 1967, “The City on the Edge of Forever”. Kapteni Kirk na Spock, mwenzake wa sayari nyingine, wamejikuta New York ya miaka ya 1930, wameiba nguo zilizoanikwa, polisi amewakamata, na Kirk anahangaika kueleza masikio ya mwenzake yaliyochongoka: alipokuwa mdogo, anasema, kichwa chake kilinaswa na mashine ya kuvuna mpunga. Uongo huo haumdanganyi mtu, na sisi tunacheka. Saa moja haijaisha, Kirk huyohuyo anamshika daktari wake asimwokoe mwanamke ambaye yeye Kirk anampenda, gari linakuja, kwa sababu mwanamke huyo akipona historia nzima itaharibika. Msiba ule unatuuma kwa kuwa tulishamwona Kirk akibabaika mbele ya askari kama mtu yeyote. Bila kile kicheko, tungebaki na sanamu la shujaa linalotoa kafara.

Dai la pili ndilo zito, na nitakaa nalo. Wanasema watu waliopigwa na vita hawachekeshwi kwa vita vyao. Bukavu imeingiwa na wenye silaha mwaka 1996, 1998, 2004, na tena Februari 2025. Katika hospitali ya Panzi, daktari Denis Mukwege, aliyepewa Nobel ya Amani mwaka 2018, amewatibu wanawake ambao miili yao iligeuzwa uwanja wa vita. Hakuna mzaha wenye ruhusa ya kugusa vitanda vile. Hapo nakubaliana na waonyaji neno kwa neno.

Lakini kumcheka aliyeumizwa na kumcheka anayeumiza ni mambo mawili. Mwandishi Sony Labou Tansi alilijua hilo alipoandika riwaya ya La vie et demie, iliyotoka mwaka 1979: dikteta anamkata na kumkatakata mpinzani wake, na mpinzani anakataa kufa. Msomaji anacheka kwa hofu, na anayechekwa ni mwenye kisu. Hadithi hiyo inasonga mbele hadi kwenye vita vya wakati ujao, kwa hiyo ni ndugu wa karibu wa bunilizi tunayoizungumzia. In Koli Jean Bofane naye, katika riwaya yake Congo Inc. ya mwaka 2014, anatuchekesha na kijana Isookanga, aliyetoka msituni akiwa na ndoto ya utandawazi aliyoipata katika mchezo wa kompyuta, na njiani anatukutanisha na watu waliofanya unyama Kivu. Kicheko hakimwachi huru hata mmoja wao.

Na historia yetu ina kisa ambacho hakihitaji kubuniwa. Katikati ya miaka ya 1970, Rais Mobutu aliikodishia kampuni ya Kijerumani, OTRAG, eneo la karibu kilomita za mraba 100,000 katika jimbo la Shaba ili irushe roketi. Tarehe 5 Juni 1978 rais mwenyewe alikuja kutazama. Roketi ilipaa kidogo, ikageuka, ikaanguka. Mtunzi atakayeonyesha siku hiyo bila kicheko atakuwa amedanganya, na atakayecheka bila kuwaonyesha watu waliokuwa wakiishi ndani ya ardhi ile atakuwa amedanganya zaidi. Kicheko na hasira vimetoka katika mkataba uleule. Hilo ndilo ninaloliamini kuhusu jambo hili lote: vichekesho na uzito vizaliwe na sababu moja, na hapo havitagombana.

Kwa sababu hiyo nakataa pia dai la wale wanaojiita watetezi wa vichekesho. Hao husema: gawa nusu kwa nusu, baada ya kila tukio la kuumiza weka mzaha mtu apumzike. Kipimo hicho ndicho kinachoharibu kazi. Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, ina sauti ya msimulizi, VJ Emmie, inayotania juu ya kila kifo. Ni filamu ya furaha kubwa na ninaipenda, ila hakuna anayemlilia Kapteni Alex, wala filamu haimtaki mtu amlilie. Anayetaka mtazamaji aomboleze hawezi kuazima njia ile. Tamthilia ya The Orville, ya Seth MacFarlane, ilianza mwaka 2017 ikiwa na mizaha mingi iliyobandikwa tu juu ya hadithi, na mizaha hiyo imeshachuja. Lakini tazama sehemu yake ya tatu, “About a Girl”. Bortus anatoka katika jamii inayojiona ya wanaume watupu; amezaa mtoto wa kike, na jamii inataka mtoto abadilishwe kwa upasuaji. Rafiki zake wawili wanamwekea filamu ya watoto ya Rudolph, paa mwenye pua nyekundu. Askari yule mkavu anaitazama kwa makini kabisa, tunacheka, na filamu hiyo ndiyo inayomfanya ampiganie binti yake. Anashindwa mahakamani. Mwaka 2022, katika msimu wa tatu, mtoto yuleyule anarudi akiuliza yeye ni nani hasa, wala hakuna anayecheka.

Kadutu ingefanyaje? Chukueni mama mbebaji wa sokoni, kamba kwenye paji la uso, amepewa kazi ya kupandisha mlimani mtambo ulioanguka kutoka angani. Anabishana bei na wageni wa sayari nyingine kama anavyobishana na mwenye gunia la muhogo, na anawashinda. Tutacheka. Kisha tutaelewa kwamba wamemchagua kwa sababu mgongo wake ni rahisi kuliko injini yao.

Wapo wanaosema Mkongo ndani ya chombo cha angani atachekwa tu, hata mtunzi asipotaka. Kweli atachekwa, dakika tano za mwanzo. Kinshasa, kundi la Kongo Astronauts limewatembeza mitaani watu waliovaa mavazi ya mwanaanga yaliyoundwa kwa vipande vya vifaa vya elektroniki vilivyotupwa. Mpita njia anacheka, halafu anatambua kwamba madini ya vifaa vile yalichimbwa katika nchi yake na kurudi kama taka. Tena hatuhitaji kwenda mbali kutafuta maajabu: sisi wa Bukavu tunaishi kando ya ziwa lenye karibu kilomita za ujazo 60 za gesi ya methani na 300 za kaboni dioksidi kilindini, huku upande wa Rwanda mtambo wa KivuWatt ukigeuza methani hiyo kuwa umeme tangu mwaka 2016. Nani anaihitaji Mirihi? Na wanaoona Mkongo hafai chombo cha angani wasisahau kwamba katika sehemu ya kwanza kabisa ya Star Trek kurushwa, Septemba 1966, Uhura, afisa wa chombo hicho, alisemeshwa kwa Kiswahili.

Limebaki la pesa: kwamba wanaochekesha wanaficha ufukara wa picha zao. Lakini picha za bei kubwa si lazima: “Blink”, sehemu ya tamthilia ya Doctor Who ya mwaka 2007, inatisha kwa sanamu za mawe ambazo hatuzioni zikitembea, na ina utani kutoka mwanzo hadi mwisho. The Hitchhiker's Guide to the Galaxy ya Douglas Adams ilianzia redioni, BBC, mwaka 1978, kwa sauti tupu: nyumba ya mtu inataka kubomolewa ipite barabara, na siku hiyohiyo dunia nzima inabomolewa kwa sababu kama hiyo. Watu wa Kadutu, ambao nyumba zao zimeshikilia mteremko na mvua huzichukua, hawatahitaji kuelezwa kisa hicho. Redio zipo Bukavu. Anayengoja kamera aanze na maikrofoni.