Vijana Wachunguze Kabla ya Kuchora

Mwanafunzi wa sanaa akitakiwa siku hizi atengeneze filamu fupi ya katuni, haichukui muda akalikimbilia jambo la simu za mkononi na watu waliotekwa nazo. Si vibaya, kwani ni jambo la zama zake na yeye mwenyewe yumo ndani. Taabu ni kuwa filamu hizo huzaliwa zikifanana kama watoto wa tumbo moja. Kijana ameinama, simu yageuka pingu au zimwi, jamaa zake watoweka mmoja mmoja, kisha giza. Mtazamaji akiuona mwanzo amekwisha kuujua mwisho.

Sisi twaona kasoro hiyo haitoki katika mkono wa mchoraji. Yatoka katika kushika kalamu kabla ya kuchunguza.

Mwaka 2015 ilienea duniani filamu ya dakika kama tatu, kazi ya mwanafunzi wa chuo cha sanaa mjini Beijing. Kwa Kiingereza yaitwa Life Smartphone, na jina lake la Kichina maana yake ni maisha ya kuinamisha kichwa. Watu wameinamia simu, na misiba yapita ubavuni mwao wala hawainui macho. Yachekesha, kisha yatisha. Wachina walikwisha kuwapa jina watu wa namna hiyo, ditouzu, yaani kabila la walioinama vichwa. Kwa hiyo picha ile ilikuwa njiani, mbele ya kila mtu, kabla haijaingia katika filamu.

Vitabu navyo vina kazi yake. Daktari Kenneth Hansraj wa New York alikadiria mwaka 2014 kwamba kichwa cha mtu mzima, ambacho kikiwa wima huilemea shingo kwa kilo 5 hivi, kikiinama digrii 60 huilemea kwa kilo kama 27. Mchoraji akiijua hesabu hiyo, mabega ya mtu wake yatashuka namna nyingine. Mtaalamu B. F. Skinner wa Marekani naye alionyesha, katika kitabu alichotoa na mwenziwe mwaka 1957, kwamba njiwa anayepata punje bila kujua ni lini atapata huendelea kudonoa bila kuchoka. Mwaka 2006 Aza Raskin akabuni ukurasa usiokwisha, ambao kidole chausukuma nao hauna chini. Aliyeyasoma hayo hatakuwa na haja ya zimwi. Atachora kidole gumba, na lile tumaini dogo kila kinapopanda.

Atajifunza pia kupima maneno. Orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 yautaja uraibu wa michezo ya kompyuta na simu. Uraibu wa simu yenyewe haumo.

Na tusisahau gharama. Sekunde moja ya filamu ni picha 24, basi dakika tatu ni 4,320. Hata kila mchoro ukitumika mara mbili, yabaki michoro 2,160. Ni mingi mno kwa jambo usilolijua.

Neno lenyewe, uraibu, lina ukoo wake hapa Pwani. Wazee walilitumia kwa tambuu na tumbaku. Aliyepata kumtazama mla tambuu aujua ule mkono uendao wenyewe kwenye kijaluba, mazungumzo yakiendelea na mwenye mkono hana habari. Leo wauona mkono ule ule barazani ukipapasa mfuko wa kanzu. Hapo pana filamu nzima, na hatujui aliyeichora.

Lakini mwanafunzi wa Mombasa akiiga tu picha ya Beijing atatudanganya. Muuza mboga wa Marikiti aangaliaye simu kila dakika huenda angoja malipo ya M-Pesa, ambayo imekuwa mfuko wa wengi tangu ilipoanza mwaka 2007. Mama wa Kisauni, bintiye yuko kazini Jeddah na sauti yake haimfikii ila kwa simu hiyo. Alala nayo chini ya mto. Je, naye ni mraibu? Filamu isiyojua kumtenga mama huyo na kijana anayepekua video saa nane za usiku itamwonea mmoja na kumkosa mwingine. Na kijana, akiona mamake amechorwa vile, hatasikiliza neno jingine humo.

Kwa hiyo twawaomba walimu wadai daftari la uchunguzi kabla ya mchoro wa kwanza, na waamuzi wa mashindano wamuulize kila kijana: ulikaa wapi, ukamwona nani, akakwambia nini? Pa kuanzia hapakosekani. Kivuko cha Likoni hujaa watu asubuhi na jioni, wenye simu na wasio nazo, na aendaye kwa miguu halipi kitu.