Ubao kufungwa siyo sare, jamani!

Wadau, leo nina ugomvi na jamaa wetu wa sataranji. Vitunda vikigongana vichwa tu, watazamaji wanaanza: "Hiyo imefungwa, peaneni mikono!" Juzi mtu kakubali sare hivyo hivyo, ana kitunda cha ziada na saa yake bado ina dakika kibao. Nani alipiga hesabu? Hakuna!

Haya, pangeni ubao. Mweupe: mfalme a1, vitunda a4, d4, d5 na f4. Mweusi: mfalme a7, vitunda a5, d6 na f5. Hakuna kitunda kinachoweza kusogea wala kula. Sasa kufungwa gani tena zaidi ya huko? Lakini zamu ikiwa ya mweupe, anashinda! Hali hii inajulikana kwa majina ya Lasker na Reichhelm, tangu 1901.

Mfalme mweupe ana milango miwili: b5 akale a5, au g5 akale f5. Mlinzi ni mmoja. Kila mraba anaokanyaga mweupe, mweusi ana mraba wake wa kujibu, akiukosa kwisha habari yake. Ndo maana hatua ya kwanza inayoshinda ni moja tu: mfalme b1. Ukikurupuka kwenda b2, mweusi anajibu a8, sare. Yaani ushindi na sare vinapishana mraba mmoja, halafu wewe unaamua kwa kuangalia kwa jicho tu?

Na nyie wa kuchungulia simu msicheke. Mwaka 2017 taasisi ya Roger Penrose ilitoa fumbo: mweusi ana malkia, ngome mbili na maaskofu watatu, mweupe ana vitunda vinne tu. Programu zikampa mweusi ushindi mnono. Wapi! Malkia na ngome zimebanwa pembeni, maaskofu wote ni wa miraba myeusi. Mweupe akiacha kula ngome alizotegeshewa, akamtembeza mfalme wake kwenye miraba myeupe, hatua 50 zinapita bila kitunda kusogea wala kete kuliwa, anadai sare yake.

Kwa hiyo kabla ya kusema "sare" au "umeshinda", jibu maswali matatu. Mfalme atapenyea wapi? Nani ataishiwa hatua nzuri, alazimike kuachia mlango? Kuna kete ya kutoa kafara ili ukuta ubomoke? Ukikosa majibu, nyamaza, waache wenye mchezo wacheze.

Tena wengi wetu hapa tunasomea ualimu. Kesho mtoto darasani atauliza "kwa nini?", utamjibu "inaonekana tu hivyo"? Nusu pointi unaweza kuirudisha mechi ijayo. Tabia ya kukata tamaa kabla ya kuhesabu, hiyo utaingia nayo darasani na chaki mkononi.

Nawasilisha.