Si Kila Kusugua ni Kusafisha

Kwa muda mrefu Kiswahili kimelaumiwa kwamba hakiwezi kubeba maarifa ya ufundi na teknolojia. Wanaotoa lawama hii aghalabu huuliza swali moja tu: kitu fulani kinaitwaje kwa Kiswahili? Wakikosa jina, huhitimisha kwamba lugha imeshindwa. Naona kwamba swali lenyewe limekosewa. Nitalithibitisha dai langu kwa mfano ambao wengi hawangetarajia kuukuta katika mjadala wa lugha, nao ni kazi ya kuandaa rangi ya gari kabla ya kuipaka nta.

Mfano huu nautoa katika nchi ya chai, Kericho na Bomet. Apitaye barabara ya kutoka Kericho hadi Litein, Kapkatet, Sotik na Bomet huwaona vijana wenye ndoo, vitambaa na mashine za kurusha maji wakiosha matatu, pikipiki na magari ya watu binafsi. Kazi haiwakosi. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na njia nyingi za kuingia mashambani ni za udongo mwekundu. Lakini tope ni adui mdogo, maana huonekana na maji huliondoa. Adui mkubwa ni yule asiyeonekana: chembe za chuma zitokazo kwenye breki, vitone vya lami, utomvu wa miti, na masizi ya kuni zichomwazo katika viwanda vya chai. Vyote hivi hujipachika katika rangi, na sabuni haivitoi. Anayetaka kuvihisi na afunike vidole kwa karatasi ya plastiki, kama ile inayofungiwa mkate, kisha avipitishe polepole juu ya bodi iliyooshwa ikakauka. Rangi inayong'aa machoni itakuwa kama imenyunyiziwa mchanga mwembamba.

Dawa ya uchafu huu ni donge laini linalokandika, ambalo kwa Kiingereza limepewa jina la udongo wa mfinyanzi. Katika miaka ya 1990 Mjapani Tadao Kodate alipewa hataza nchini Marekani kwa uvumbuzi wa aina hii, na tangu hapo donge hilo limeenea duniani. Kwetu limefuata njia ile ile ya magari, kwa kuwa magari mengi yanayoingia Kenya huwa yamekwisha kutumika, hasa huko Japani. Licha ya jina lake, donge hili halichimbwi mtoni. Hutengenezwa kiwandani kwa nyenzo nyororo zinazovutika, zikachanganywa na chembe ndogo mno za kukwangulia.

Hapa ndipo mwana istilahi huanza kukuna kichwa. Tukiliita udongo, mteja wa Bomet atashangaa, kwani ametoa fedha zake ili udongo utolewe garini, na sasa aambiwa kwamba utapakwa mwingine! Tukiliita klei, tutaambiwa tumeazima. Mimi sioni shida katika njia yoyote kati ya hizi mbili. Gari, breki, rangi na sabuni ni maneno tuliyoazima, na hakuna anayekosa usingizi kwa sababu hiyo. Tena tunao mfano mzuri wa nyumbani. Msasa kwa asili ni mti ambao majani yake yana ukali kama ulimi wa paka, na mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi yenye mchanga ilipofika kutoka viwandani, mafundi hao hawakungoja kikao cha kamati. Waliipa jina la jani kwa kuwa ilifanya kazi ya jani. Leo hata hotuba na miswada hupigwa msasa, na hakuna anayeufikiria ule mti.

Kwa hiyo jina si tatizo. Nomino tunaweza kuibuni, kuipanulia maana au kuiazima. Palipo na hatari ni kwenye vitenzi, kwa sababu kitenzi ndicho kinachouongoza mkono. Tabaka la juu kabisa la rangi ya gari la kisasa, lile linaloonyesha ng'aro bila kuwa na rangi yake lenyewe, kwa kawaida ni jembamba kuliko unywele wa binadamu. Juu ya kitu chembamba namna hiyo, tofauti ya neno moja ni tofauti kati ya gari lililopendeza na gari lililoharibiwa.

Na tuitazame kazi yenyewe. Gari huoshwa kwanza kwa sabuni yake, likasuuzwa vizuri, maana donge likipitishwa juu ya mchanga uliobaki litauburura mchanga huo juu ya rangi. Huwekwa kivulini, bodi ikapoa. Kipande cha donge hukandwa kwa vidole kama unga wa chapati hadi kilainike, kisha hubapwa kifikie upana wa vidole vitatu hivi. Sehemu ndogo ya bodi, isiyozidi nusu mita kila upande, hunyunyiziwa kilainishi chake, au maji yenye sabuni kidogo ya gari, hadi irowane. Ndipo donge hutelezeshwa huku na huku kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamizwa. Mwanzoni litakwamakwama na kutoa sauti ya kuparuza. Uchafu ukishatoka, sauti hukoma na mkono hupita kana kwamba unapita juu ya kioo. Donge hutazamwa mara kwa mara, likakunjwa ili upande safi uje nje. Likianguka chini, hutupwa, hata kama ni jipya, kwa sababu punje moja ya changarawe iliyonata humo itachora rangi kuliko uchafu wote ulioondolewa. Mwishowe bodi husuuzwa na kupanguswa kwa kitambaa laini. Kwa kuwa donge limeondoa pia nta iliyokuwapo, nta mpya ni lazima ipakwe. Mikwaruzo iliyokuwapo tangu awali haitaondoka, kwani hiyo huhitaji dawa nyingine ya kung'arisha.

Msomaji na ahesabu vitenzi vilivyotumika katika aya hiyo: kuosha, kusuuza, kukanda, kubapa, kunyunyizia, kutelezesha, kukandamiza, kukunja, kupangusa. Hakuna hata kimoja kilichobuniwa na kamati, na vingi kati yake vinajulikana na mtu yeyote aliyewahi kupika chapati au kufua nguo. Hebu tukitazame kutelezesha peke yake. Kiambishi cha kusababisha kilichomo ndani yake kinabeba somo zima: linaloteleza ni donge, na kazi ya mkono ni kulifanya liteleze tu. Kinyume chake ni kusugua, ambako hudai nguvu na marudio. Kijana anayeambiwa "sugua vizuri" atatii, atakandamiza kwa bidii, na kadiri anavyotii ndivyo atakavyoharibu. Huyo hatakuwa na hatia ya uvivu. Atakuwa amepewa kitenzi kibaya.

Wapo watakaopinga kwamba maelezo yameandikwa kwa Kiingereza kwenye pakiti, na kwamba dawa ni vijana wajifunze Kiingereza. Sina ugomvi na Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya lugha rasmi pamoja na Kiswahili. Lakini hoja hiyo inasahau historia ya mahali hapa. Tangu kampuni za chai zilipoanzisha mashamba makubwa Kericho katika miaka ya 1920, Wakipsigis, Abagusii, Wajaluo na Waluhya wamekutana humo, na lugha iliyowaunganisha kazini ni Kiswahili. Hata leo anayemfunza mwenzake kuosha gari, wakiwa wametoka makabila mawili, atamfunza kwa Kiswahili, pakiti iseme itakavyo. Basi hatuulizani kama Kiswahili kitatumika au hakitatumika. Kinatumika. Tunaulizana kama kitatumika kwa usahihi au kwa kubahatisha.

Swali hilo si la anasa. Mwezi wa Mei 2023 ghasia zilizuka Kericho na mashine za kuchuma chai zikateketezwa kwa moto na watu walioziona kuwa zinawanyang'anya kazi. Siungi mkono uchomaji, lakini hofu iliyouzaa naielewa. Kijana ambaye bibi yake na mama yake waliishi kwa kuchuma majani mawili na chipukizi hana hakika tena kwamba kikapu kitamlisha. Akigeukia ufundi, atahitaji maarifa kamili. Mwosha magari ajuaye kuandaa rangi na kuipaka nta hudai malipo makubwa kuliko yule wa ndoo na kitambaa. Lakini akiharibu gari la mteja mmoja, siku nzima ya kazi, na labda wiki, imekwenda.

Sasa nawageukia walimu wenzangu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ulileta mambo mawili kwa pamoja. Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa, na kazi za mikono zikaingizwa darasani. Ilikuwa fursa adhimu, lakini viwili hivyo havikukutana. Useremala ulifundishwa kwa Kiingereza katika chumba kimoja, na katika chumba cha pili mwalimu wa Kiswahili akafundisha insha ya methali. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unadai kwamba mwanafunzi aonyeshe anachoweza kutenda. Tusiikose fursa hii mara ya pili.

Uandishi wa maagizo tayari umo katika mafunzo yetu ya uandishi wa kiuamilifu, ila tumeuzoesha kuwa zoezi la kubuni. Mwanafunzi huandika jinsi ya kutumia mashine ambayo hajawahi kuiona, na mwalimu husahihisha hijai. Napendekeza tufanye vingine. Mwanafunzi wa Sotik au Litein na aende kwa mwosha magari, au mchuma chai, au fundi wa baiskeli, asikilize vitenzi vyake, aandike maagizo, kisha mwenzake ayafuate neno kwa neno mbele ya fundi yule yule. Pale mkono utakapokosea, darasa zima litaona ni neno gani lililoupotosha. Huo utakuwa mtihani wa haki kuliko kalamu yangu nyekundu.

Zoezi hilo litafaa pande mbili. Mwanafunzi atajua kwamba sarufi si adhabu, kwani kiambishi kimoja chaweza kuokoa rangi ya gari. Naye fundi, ambaye shule haijawahi kumwuliza lolote, ataona maneno yake yameandikwa, naye ataweza kuyabandika ukutani mwa kibanda chake ili wanaoanza kazi wayasome kabla hawajashika donge. Lugha hukua kwa kutumiwa na watu wenye haja nayo, na katika nchi ya chai watu hao wako kando ya barabara, wanatusubiri na ndoo zao.