Mnavu Katika Sinia la Kijana

 

 Katika darasa za kina mama hapa Kanduyi, lalamiko moja hurudi mara kwa mara: vijana wamekataa mboga. Kijana akitoka shule hupita njia panda, zipitapo lori za Malaba, akanunua chipsi, soseji na soda. Afikapo nyumbani, sahani ya mnavu huisukuma kando. Mama hukasirika, kijana hununa, na chakula kilichoanzwa kwa Bismillahi huishia kwa ugomvi.

Tuanze na hukumu, ili mtu asifahamu visivyo. Nyama ni halali, na hatuna ruhusa ya kuharamisha alichokihalalisha Mola. Surat al-Maida, aya ya 87, imelikataza hilo. Wala chipsi si haramu. Lakini halali nayo ina mipaka, kwani aya ya 31 ya Surat al-A'raf imeruhusu kula na kunywa, na papo hapo ikakataza israfu. Nayo Surat Abasa yamtaka mwanadamu akitazame chakula chake, kisha yamtajia nafaka, zabibu, mboga, zaituni, mitende na matunda. Vyote hivyo ni vya ardhini.

Matabibu nao wana lao. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba kila aliyetimiza miaka 10 ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Msichana aliyebaleghe hupoteza damu kila mwezi, na kwa hivyo huhitaji madini ya chuma kuliko nduguye wa kiume. Mnavu, saga, kunde na maharagwe yana madini hayo, ila mwili hauyapokei kwa wepesi kama yale ya nyama. Chungwa au ndimu pamoja na chakula husaidia. Chai juu ya chakula huzuia. Basi birika lingoje kidogo. Na kijana aliyeacha nyama kabisa asiache maziwa na mayai, kwani vitamini B12 haipatikani katika mboga.

Sasa, tumleteje kijana kwenye sinia? Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Anas bin Malik, aliyeanza kumhudumia Mtume (s.a.w.) akiwa mtoto wa miaka kama 10. Fundi cherehani mmoja alimwalika Mtume, akaandaa mkate wa shayiri na mchuzi wenye mumunye na nyama iliyokaushwa. Anas alimwona Mtume akiyatafuta mapande ya mumunye pembezoni mwa bakuli. Nyama ilikuwamo, lakini mkono ulifuata mumunye. Tangu siku hiyo Anas akalipenda mumunye. Hakuamrishwa wala hakukemewa. Aliona tu kwamba ampendaye analifurahia.

Hapa ndipo tunapopaswa kujitazama sisi wazazi. Baba aletewapo mnavu huuliza, "Nyama iko wapi?" Mama akikosa fedha husema, "Leo ni mboga tu." Hilo neno "tu" kijana amelisikia tangu utoto, na amelifahamu vizuri: mboga ni chakula cha siku ya dhiki. Kisha tunashangaa akiwaonea haya wenzake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Basi baba na awe wa kwanza kutia mkono kwenye mboga, na aisifu waziwazi. Kijana apewe fedha na kikapu aende soko la Chwele, achague mwenyewe; alichokichagua hatakidharau upesi. Apewe na kitalu nyuma ya nyumba apande saga au mnavu, mboga zisizokawia kukua. Mpishi naye asiichemshe mboga hadi ikapoteza rangi na ladha. Wenyeji wa huku hutia maziwa katika mnavu ukapungua uchungu. Sisi watu wa Mwambao twajua kunde la nazi na mbaazi za nazi. Mahindi na maharagwe hukamilishana katika kuujenga mwili, na gharama yake haimshindi mwenye kipato kidogo.

Na chipsi? Msizipige marufuku, kwani kijana atazila kwa siri, na siri ni mbaya kuliko mafuta. Ziwe za siku maalumu, zipikwe nyumbani, ziliwe na kachumbari. Mtume hakupata kukitia ila chakula: akikitamani alikula, asipokitamani alikiacha. Tumfunze kijana adabu hiyo, nasi tusimtukane asipomaliza sahani siku ya kwanza.

Mwili ni amana, na kijana wa leo ndiye atakayetulea kesho. Wiki hii, mnavu ukifika sinia, liacheni lile neno "tu".