BANGI: WATU WA WODINI NAO WAULIZWE

Ndugu Wanachama,

Neno la bangi limekuwa kubwa katika nchi yetu. Mwaka 2018 marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alitaka sheria yake ibadilishwe. Mwaka 2021 jamii ya Rastafari ilipeleka shauri Mahakama Kuu. Mwaka 2022 Profesa Wajackoyah aliinadi bangi katika uchaguzi wa Rais. Wengine wasema ni mali, wengine wasema ni maangamizi. Lakini hatujasikia mtu akiwauliza wauguzi na wasaidizi wa wodi, nasi ndio tutakaopokea matokeo, iwe mchana au usiku.

Basi twasema wenyewe.

Kwanza ni habari ya ukweli. Mtu aliyevunjika mguu aletwa kupasuliwa. Kama ni mvutaji wa kila siku, huenda akahitaji nusukaputi nyingi kuliko mwingine. Kama amevuta muda mfupi uliopita, moyo wake waweza kwenda mbio. Kama anameza warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, bangi yaweza kuizidisha nguvu hata akavuja damu. Mambo haya muuguzi hayaoni usoni pa mgonjwa, lazima aambiwe. Lakini sheria ya 1994 yamtisha mvutaji kwa kifungo. Nani atasema kweli akidhani jibu lake litafika kwa askari? Hapa wanaotaka mabadiliko wana haki, nasi twakubali.

Lakini na wao wasituambie kwamba kuruhusu ni kumaliza taabu. Tutazame Kanada, iliyoruhusu bangi kwa watu wazima tarehe 17 Oktoba 2018. Mwaka uliofuata ikaruhusu pia vyakula vilivyotiwa bangi. Serikali ilijihadhari: pakiti ziwe ngumu kufunguliwa na watoto, na kila pakiti isizidi miligramu 10 za kile kileo cha bangi. Hata hivyo watoto waliolazwa hospitali kwa sumu ya bangi waliongezeka sana, kwa kuwa mtoto akiona peremende hajui kusoma onyo. Katika jimbo la Quebec, lililokataza peremende hizo, ongezeko lilikuwa dogo kuliko katika majimbo yaliyoziruhusu. Fundisho ni hili: namna ya kuruhusu ina uzito sawa na kuruhusu kwenyewe. Kwetu, ambako mtoto hulala chumba kimoja na wazazi na vitu vyote vi rafu moja, jambo hili halina mchezo.

La mwisho ni kazi zetu. Kulewa kwa mvutaji huisha kwa saa chache, lakini kwa mtu wa kila siku alama za bangi zaweza kuonekana katika mkojo kwa majuma. Mkojo hausemi kama mtu alilewa kazini. Wasema tu kwamba alitumia siku fulani. Bangi ikiruhusiwa, mwajiri atapima, na mtu atafukuzwa kwa jambo alilolifanya kwake siku ya mapumziko bila kuvunja sheria. Hatumtetei mtu anayeshika zamu akiwa amelewa. Huyo ahatarisha mgonjwa na sisi wenzake pia. Twataka apimwe kwa kazi yake na hali yake siku ile, na mkojo peke yake usiwe hukumu.

Basi madai yetu ni haya:

1. Jibu la mgonjwa kwa muuguzi liwe siri ya matibabu, sheria ibadilike au isibadilike.
2. Bangi ikiruhusiwa, isiuzwe kwa sura ya peremende wala biskuti.
3. Masharti ya kupima wafanya kazi yapatanwe na chama kabla ya sheria kuanza, si baada ya watu kufukuzwa.

Ndugu, ongeeni habari hizi katika matawi, na mleteni maoni yenu. Sheria itungwayo bila sisi, ni sisi tutakaoibeba kwa machela.

Umoja ni nguvu.