Tai miguu juu, mfuko mtupu

Ukata ukikushika hata sanduku la bibi huliachi. Nilikuwa Tabora, mji wa maembe na asali, mfukoni sina kitu zaidi ya nauli ya kurudia Dar. Bibi akanituma sandukuni nimtolee kanga. Chini kabisa nikakuta karatasi imekunjwa mara nne: rupia 1, tarehe 1 Oktoba 1917, Kijerumani kitupu. Muhuri wa tai umepigwa miguu juu!

Nikampigia simu jamaa yangu wa Dar anayekusanya pesa za kale. Akaruka. "Usiipige pasi, usiibandike gundi, usiioshe! Noti zilizokosewa ndiyo dili lenyewe. Laki mbili taslimu."

Akanipa na darasa. Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza waliziba bahari, pesa za Ujerumani zikawa hazifiki. Mwaka 1916, hapo hapo Tabora, karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha pesa. Zikatoka heller za shaba na sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, dhahabu yenyewe ya Sekenke. Septemba 19 mwaka huo huo Wabelgiji wakauteka mji. Wajerumani wakakimbilia kusini, na huko porini wakawa wanatengeneza noti kwa mihuri ya mpira, kwa mkono, moja moja. Mkono ukichoka, tai anasimama kwa kichwa.

Laki mbili, bwana! Nikaanza kupanga matumizi kabla ya kuomba ruhusa.

Bibi akanitazama. "Mume wangu, unajua hiyo karatasi ni ya nani?"

"Ya kwako, bibi."

"Ya baba yangu. Wanyamwezi tulizoea upagazi, toka Ujiji mpaka Bagamoyo, lakini msafara ule wa vita haukuwa wa biashara. Alichukuliwa hapa Tabora kubeba mizigo ya askari. Walikwenda wengi, wakafa njiani kwa njaa na maradhi. Yeye alirudi kwa miguu na karatasi hiyo. Akaenda nayo dukani kununua chumvi, wakamcheka. Walioitoa walishaondoka. Akasema itunzeni, siku moja mwenye deni atarudi."

Nikanywea kama embe lililosahauliwa juani. Ile kasoro iliyomfurahisha jamaa yangu bibi hakuwa na habari nayo. Kwake noti yote ilikuwa na kasoro moja tu: haikulipwa.

"Huyo rafiki yako," bibi akauliza, "ndiye mwenye deni?"

"Hapana, bibi."

"Basi irudishe, na kanga yangu unipe."

Nikairudisha. Dar nimerudi na asali chupa moja na mfuko ule ule mtupu. Jamaa ananinunia mpaka leo, eti mshamba. Nawe msomaji, ukikuta karatasi kuukuu sandukuni, kabla hujauliza bei, uliza kwanza ilikuwa malipo ya kazi gani. Tukutane wiki ijayo.